Gitaa la Kupanda Nalo Ndege

Siku yangu ya kwanza kazini niliwekwa mbele ya mzani. Nilikuwa nimevaa sketi ya buluu iliyoshonwa kwa haraka na fundi wa mtaa wa Pasua, pindo upande mmoja refu kuliko upande mwingine, na viatu vya dada yangu vilivyonibana. Msimamizi wa Zamu, mwanaume mrefu asiyecheka, alinionyesha kioo chenye namba akasema, "Dada, angalia hapo. Namba ikizidi, sema. Isipozidi, nyamaza." Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopata asubuhi ile.

Ninyi vijana mnaosafiri na tiketi kwenye simu, acheni niwaeleze kazi yenyewe ilivyokuwa. Uwanja wetu wa ndege uko kule tambarare, na kampuni iliyoniajiri ilikuwa ya kuhudumia ndege za watu. Sisi wenyewe hatukuwa na ndege hata moja. Tulipokea abiria, tukapima mizigo, tukaibandika tagi, yaani ile karatasi ndefu inayoonyesha mzigo unakwenda wapi, tukaisukuma mizigo kwenye mkanda unaotembea. Mzigo uliopita kwenye mkanda tuliuita wa tumboni, kwa kuwa unakwenda tumboni mwa ndege. Ule ambao abiria anapanda nao ni wa mkononi, na kwa huo tulikuwa na fremu, kisanduku cha chuma kilichosimamishwa sakafuni. Begi likiingia kwenye fremu, linapanda na mwenyewe. Lisipoingia, linakwenda tumboni. Nikasema moyoni, kumbe kazi ni nyepesi hivi, hapa nitazeekea.

Kabla jua halijawa kali akaja mwalimu wa kwaya kutoka huku kwetu mlimani, gitaa kalifunga kwenye kitenge. Nikaliweka kwenye mzani. Namba haikuzidi, nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Nikaliweka kwenye fremu. Tumbo lake likakataa kuingia, na hata lingeingia, shingo ingebaki nje. Mwalimu akaniambia kwa upole kabisa, "Binti, hili siliachi. Ninapanda nalo." Mzani umesema ndiyo, fremu imesema hapana, na mtu mzima amesimama mbele yangu ananingoja. Nikaenda kwa Msimamizi wa Zamu.

"Gitaa ni mzigo," akasema bila kuinua macho. "Mzigo unakwenda chini."

Nikalipeleka chini. Mwalimu wa kwaya alilitazama linavyoondoka kwenye mkanda mpaka mapazia ya mpira yakalifunika, na mimi nikajua kwamba kuna jambo kwenye kazi hii ambalo sijalielewa. Sikujua tu kwamba nitastaafu bila kulielewa.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa mlango wa kuondokea, pale abiria wanapokatwa kipande cha tiketi kabla ya kutembea kwenda kwenye ndege. Bosi wangu pale alikuwa Ofisa wa Abiria, mama mnene mchangamfu aliyekuwa akituletea kiburu cha ndizi na maharage kwenye bakuli la plastiki, zamu nzima inakula. Siku moja akaja kijana na gitaa mgongoni, mimi nikajifanya mzoefu. Nikamwambia mzigo unakwenda chini. Ofisa wa Abiria akanivuta pembeni.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Msimamizi wa Zamu, mama."

"Muache na zamu yake. Gitaa si mzigo. Gitaa linakwenda na mwenyewe, unaliweka kwenye kabati la juu ya kiti. Ukilitupa kule chini litafika kuni."

Sawa. Nikabadilika. Kuanzia siku ile kila gitaa nililipitisha, na mara nyingi rubani msaidizi alinirudishia mojawapo, ananiuliza kama nina akili timamu, kabati limejaa. Hapo ndipo tulipokuwa tunafanya kile tulichokiita kukabidhi mlangoni, yaani abiria anafika na chombo chake mpaka kwenye ngazi ya ndege, anakiacha pale chini, vijana wanakiingiza tumboni kwa mkono bila mkanda, na akishuka anakikuta kwenye ngazi. Inapendeza kuisikia. Lakini wengine walikikuta kwenye ngazi, na wengine walikikuta kwenye mkanda pamoja na masanduku, na sikuwahi kujua ni nani aliyekuwa anaamua.

Nikaamua kuuliza juu kabisa. Meneja wa Kituo alikuwa mtu msomi, mpole, ana miwani ya kamba. Nikabisha hodi ofisini kwake, nikamwambia, "Bosi, naomba unisaidie jambo moja. Gitaa linapanda au linashuka?"

Akavua miwani, akaifuta. "Inategemea."

"Inategemea nini, bosi?"

"Inategemea ndege. Inategemea rubani. Inategemea na siku yenyewe."

Nikamshukuru, nikatoka. Nilisimama pale koridoni nikicheka peke yangu kama mwehu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa dawati la mizigo iliyopotea na iliyoharibika. Huko sitaki kusema mengi. Mtu anayekuja kwenye dawati hilo hakuji kukusalimia. Niliona magitaa yaliyovunjika pale pale panapokutana shingo na kichwa, mahali pembamba, nyuzi zimelegea juu ya mbao kama nguo iliyoanguka kwenye kamba. Nikawaambia wenyewe pole. Wengine walinitukana na wengine walikaa tu kwenye benchi na kile chombo mapajani. Sikujua kwa nini kila mara ni shingo, na hakuna bosi aliyewahi kuniambia.

Basi nikastaafu. Wakaniaga kwa keki na blanketi, Meneja mpya akasema maneno mazuri juu ya mtu asiyemfahamu, nikarudi nyumbani kwangu Rau kufuga kuku. Lakini kwenye ukoo wetu mimi ndiye mtu wa ndege. Mtu akipata safari, hata ya Mwanza, anapelekwa kwangu kupewa maelekezo. Wanadhani nimeruka dunia nzima. Ukweli ni kwamba mimi ndege sijapanda. Nimeingia ndani yake mara nyingi, kumpelekea rubani makaratasi, nikatoka, ikaondoka. Nikiwaambia hivyo wanacheka, wanadhani ni maringo ya watu wa ofisi.

Ndiyo sababu Aikande alikuja kwangu.

Aikande ni mtoto wa kaka yangu, na kaka yangu amefariki, kwa hiyo upande wa baba yake mimi ndiye niliyebaki. Ni mwanamke mzima sasa, anafundisha kwaya ya vijana huko mlimani na kupiga gitaa kwenye harusi. Nilimpenda tangu akiwa mchanga, na sioni haya kulisema. Mwaka uliopita alipata nafasi ya kwenda kupiga kwenye bendi ya meli ya watalii. Akapanda ndege na gitaa lake kubwa, wakamwambia mzigo unakwenda chini. Alipofika kwenye uwanja wa mbali ambao siutaji, gitaa lilikuwa vipande viwili. Bendi ilitaka mtu mwenye chombo chake, tena siku ile ile. Wakamchukua mwingine. Akarudi nyumbani, akakaa miezi hagusi muziki, anapalilia migomba na mama yake kama mtu aliyeahidiwa kitu akanyimwa.

Sasa akaja, akabisha hodi, akaingia, hata kukaa hakukaa.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

"Nimepata tena. Hoteli moja Maskati. Wananijaribu wiki ya kwanza, nikiwafaa wananipa mkataba wa mwaka. Lakini ni lazima nifike na gitaa langu, na likiwa zima." Akanishika mkono. "Shangazi, nikivunjiwa tena mimi siendi popote maisha yangu yote. Nataka gitaa dogo la kupanda nalo ndege. Wewe ndiye unayejua. Nichagulie."

Ningemwambiaje? Nikasema, "Kaa kwanza, unywe chai." Nilihitaji muda wa kuogopa.

Tulipanda bajaji mpaka kwa fundi mmoja hapa hapa Rau, Mkatoliki, anaitwa Tobi, ambaye hutengeneza magitaa ya parokia zote na ya Walutheri pia tukimbembeleza. Mimi nilibeba futi kamba yangu ya kushonea, nikajiambia kwamba angalau kupima ninakujua. Fundi Tobi akatutandikia magitaa matatu juu ya meza, kwenye gunia safi.

La kwanza akaliita robo tatu. Nikafurahi, hiyo ni hesabu, hesabu naiweza. Nikapima gitaa kubwa lililokuwa limening'inia ukutani, likawa futi tatu na inchi nne. Robo tatu yake ni futi mbili na nusu. Nikapima robo tatu yenyewe. Futi tatu.

"Fundi, hii si robo tatu."

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo nini? Ni robo tatu au si robo tatu?"

"Inaitwa robo tatu, mama. Si lazima iwe robo tatu. Hata wanaoyatengeneza hawajui kwa nini."

Nikamtazama Aikande, naye anatazama dari anajizuia asicheke. Nikasema sawa, tuendelee.

La pili lilikuwa gitaa la kukunjwa. Mtalii mmoja alipanda nalo Kilimanjaro, akashuka hoi, akamwachia kiongozi wake wa mlima kama zawadi, na huyo kiongozi, ambaye hajui hata kulishika, akalileta kwa Tobi liuzwe. Shingo yake ina bawaba. Unalegeza skrubu, shingo inajikunja juu ya kifua, kitu chote kinaingia kwenye mkoba wa shule. Nikapima. Jamani, lilikuwa linaingia kwenye fremu. Chombo cha kwanza katika maisha yangu yote ambacho fremu isingekikataa. Nikasema kwa sauti, "Hili. Tumemaliza. Twende nyumbani."

Aikande akalikunjua, akalipiga kidogo, akalikunja, akalikunjua tena, akalipiga. Akalirudisha juu ya gunia.

"Shangazi, shingo inacheza. Kila nikilikunjua sauti inahama."

"Si utaikaza?"

"Nikiwa jukwaani?"

Fundi Tobi akatikisa kichwa kumuunga mkono. Mimi sikusikia sauti yoyote ikihama. Nikaomba wapige huku nimewapa mgongo, nijaribu kubahatisha ni lipi linalopigwa, na nikakosea kila mara. Nilipogeuka, wote wawili walikuwa wananitazama kwa huruma.

La tatu lilikuwa dogo, kifua chembamba, fupi kuliko hiyo robo tatu isiyo robo tatu, lakini shingo yake imeshikamana moja kwa moja. Tobi akaligonga kwa kucha mbele na nyuma. Akaeleza kwamba uso wa mbele ni mbao halisi, na mgongo na mbavu ni plaiwudi. Mbao halisi inaimba vizuri, lakini hewa ikibadilika ghafla inapasuka. Plaiwudi haipasuki upesi, lakini ikiwa gitaa zima ni plaiwudi linaimba kama mtu mwenye mafua. "Maskati kuna joto nje na viyoyozi ndani," akasema. "Hili mchanganyiko litavumilia." Halafu akamwonyesha Aikande jinsi ya kulegeza nyuzi kabla ya safari, zisivute shingo, kwa sababu gitaa likianguka nyuzi zikiwa zimekazwa, shingo tayari iko kwenye mvutano, na pigo dogo tu linaikata. Niliposikia hayo nilikaa kwenye kigoda chake. Miaka yote ile kwenye dawati, watu wanalia mbele yangu, na lilikuwa jambo la kuelezwa kwa dakika mbili na fundi wa Rau.

Aikande akafumba macho akapiga lile dogo. Sijui muziki, lakini uso wa mtoto wangu ninaujua, na tangu arudi na vile vipande viwili sikuwa nimeuona uso ule. Akachagua hilo. Nikapima. Futi tatu kasoro inchi mbili. Fremu ni futi mbili kasoro. Kwa fremu, gitaa hili na lile lililovunjika ni kitu kimoja.

"Litapanda, Shangazi?" akaniuliza.

Nikasema, "Litapanda." Nilisema kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiwaambia abiria kwamba ndege haitachelewa.

Usingizi ukanikimbia. Nikachukua chaki, nikachora ukutani sebuleni kabati la juu ya kiti kama nilivyolikumbuka. Nikakumbuka kwamba ndege kubwa zina makabati marefu na ndege ndogo zina vijishimo tu. Nikampigia Aikande. "Ni ndege gani?" Akasema tiketi haisemi. Nikampigia binti anayekaa sasa kwenye dawati nililoanzia, anayeniita mama kwa heshima, nikamuuliza sheria ya leo ikoje.

"Ala ndogo ya muziki inaruhusiwa, mama, kama ndani kuna nafasi."

"Nafasi inajulikana lini?"

"Ndege ikishajaa, mama."

Nikamwambia asante mwanangu, nikaifuta ile chaki ukutani.

Siku ya safari tulikutana nyumbani kwao mlimani, kwenye kihamba cha kaka yangu, yaani shamba la ukoo, katikati ya migomba na kahawa. Kulikuwa na mtori, majirani, sala ya mzee wa kanisa ambayo haikuwa fupi. Mimi nilikuja na mzani wangu mdogo wa kuning'iniza, nikapima sanduku la Aikande, na lilizidi. Nikalifungua. Wifi yangu, mama yake Aikande, alikuwa amelijaza kahawa. Ilikuwa kahawa ya shambani kwao, ameikaanga mwenyewe na kuitwanga, ameifunga kwenye vifuko vya nailoni na kuvizungushia majani makavu ya mgomba. Kifuko cha meneja wa hoteli, cha wapishi, cha mwenye nyumba, cha Mtanzania yeyote atakayekutana naye njiani. Huku kwetu mtu hatoki nyumbani mikono mitupu, na hafiki kwa watu mikono mitupu. Akifika hivyo watauliza kama hana mama.

"Wifi, hivi vitoke," nikasema. "Wakimsimamisha kwa uzito watamgeuzia macho, na wakimgeuzia macho wataliona gitaa. Nataka apite bila mtu kumuuliza chochote."

"Kahawa ya baba yake unaitoa kwenye safari?"

"Ninaitoa, wifi. Nisamehe."

Akavikusanya kwenye kanga, uso umevimba, akaingia ndani. Nikapima tena sanduku, namba ikakaa sawa, nikaona nimefanya kazi. Aikande alikuwa anaagana na majirani. Gitaa lilikuwa ndani kitandani, limelegezwa nyuzi kama Fundi Tobi alivyoelekeza. Sikuona sababu ya kulipima. Ni la mkononi, na ndani yake ni tupu.

Uwanjani Aikande alitukumbatia, akaingia. Mimi na wifi tulibaki nje kwenye kioo, kwa sababu kitambulisho changu nilikirudisha nilipostaafu na siku hizi mimi ni msindikizaji kama wengine. Nikamwona anapita kwenye dawati. Sanduku likapimwa, likapewa tagi, likaenda. Gitaa likabaki mgongoni. Nikapumua. Akafika kwenye mashine ya ukaguzi, ile yenye picha ya kuona ndani ya mizigo. Gitaa likaingia. Mkanda ukasimama. Ukarudi nyuma, ukaenda mbele, ukasimama tena. Mkaguzi akamwita mwenzake, na mwenzake akamwita wa tatu.

Nimesimama ndani ya jengo lile sehemu kubwa ya maisha yangu na sijawahi kuona watu watatu wakiliangalia gitaa namna ile. Hawakuwa wanaangalia urefu wake. Mmoja alifungua zipu ya mfuko wa gitaa, akainama akachungulia kwenye tundu la sauti, lile shimo la katikati, akainuka, akawaambia wenzake jambo, nao wakainama.

"Wifi," nikasema, "wale wanatafuta nini?"

Nikamgeukia. Alikuwa ameshika kanga yake kwa mikono miwili.

"Wifi?"

"Labda ni kahawa."

"Kahawa gani?"

"Sasa wewe uliitoa kwenye sanduku," akasema. "Mimi nikaona kile kisanduku chake kingine kina shimo, na ndani hakina kitu. Nyuzi zimelegea, mkono unapita. Nikasema, huyu mtoto atabebaje hewa mpaka Uarabuni?"

Nilitaka kumkasirikia na hasira ikakataa kuja, ikaja hofu tupu. Nilimwona Aikande pale ndani amesimama na viatu mkononi, anatikisa kichwa, haelewi, maana hata yeye hakujua. Mkaguzi mwanamke akaingiza vidole, akatoa kifuko cha kwanza, akakinusa. Akatoa cha pili. Vikaendelea kutoka tu. Yule wa tatu akashika kiuno. Watu wa foleni wakaanza kurefusha shingo. Kisha wakahamia nyuma ya ukuta, na kutoka pale kwenye kioo hatukuona tena kitu.

Tukasubiri mpaka ndege ikaondoka. Kutoka mahali tulipokuwa, abiria wanaotembea kwenda kwenye ngazi wanaonekana kwa mbali, na toroli la mizigo linaonekana pia. Niliona kitu cheusi kirefu juu ya toroli. Wifi akasema ni mwavuli. Mimi nikasema ni gitaa. Halafu nikaona mwanamke anapanda ngazi na kitu mgongoni, na sikujua kama ni yeye au ni mtalii na begi lake la mlimani. Ndege ikaruka. Njia nzima ya kurudi wifi alilia kimya kimya. Nililia na mimi, kwa sababu niliona kwamba mtoto amevunjika tena na safari hii waliomvunja ni sisi wenyewe tuliompenda.

Simu ya Aikande haikupatikana. Jumapili nikapanda mlimani kanisani, nikakaa benchi moja na wifi, na baada ya ibada tukaenda kwake. Tulikuwa tunamenya ndizi simu ilipolia, nikaiweka sauti ya nje.

"Shikamooni."

"Marahaba. Gitaa?" Wote wawili tuliuliza kwa pamoja.

"Lipo. Ni zima. Nimepiga nalo siku tatu, na jana wamenipa mkataba, hata wiki haijaisha." Sauti ikakatika, ikarudi. "Linanuka kahawa mpaka wenzangu wanalicheka. Mama, wewe."

Wifi akajifunika uso kwa kanga. Mimi nikauliza nililokuwa nalo kifuani.

"Aikande, lilipanda au lilishuka?"

"Lilipanda. Lilikaa juu ya kiti changu, ndege zote mbili."

"Nani aliruhusu?"

"Kuruhusu nini, Shangazi?"

"Gitaa, mwanangu. Ni refu kuliko fremu. Ni nani alisema lipande? Alikuwa ofisa wa mlangoni? Rubani?"

Akafikiri. "Hakuna aliyeuliza. Waliuliza kahawa, wakainusa, wakanirudishia kwenye mfuko. Mlangoni wote walikuwa wameshasikia, yule dada akaniambia, wewe ndiye wa kahawa, pita. Ndani ya ndege hivyo hivyo. Nilikuwa nimeshika mfuko wa kahawa mkono mmoja na gitaa mkono mwingine, na macho yote yalikuwa kwenye kahawa. Kule tulikobadilisha ndege wala hawakunitazama."

Nimewaeleza haya ninyi vijana kwa sababu mmenialika kwenye mkutano wenu niwape uzoefu. Natamani ningekuwa na kanuni. Nimewahudumia mabosi watatu, wa kwanza akasema linashuka, wa pili akasema linapanda, wa tatu akasema inategemea, na sasa ninaona wote walisema kweli, na hilo halinisaidii hata kidogo. Chagueni gitaa dogo, mbao mbele, plaiwudi nyuma, legezeni nyuzi, mfike mapema kabla makabati hayajajaa. Hayo ninayajua. Zaidi ya hapo sijui, na nimechoka kujifanya ninajua.

Siku ile, pale kwa wifi, Aikande alisema ana nafasi kidogo kabla ya mazoezi, akauliza kama tungependa kusikia. Akaweka simu chini, tukasikia anavuta kiti, kisha akapiga. Wifi aliacha kumenya. Mimi nilikuwa natazama simu na kichwa changu kiko kwenye ule mlango, nampitisha tena, namsimamisha, ninatafuta ni nani aliyeshika zamu, mpaka nikasikia kimya na sauti yake inauliza, "Mmesikia?"

"Piga tena, mwanangu," nikamwambia. "Mara ya kwanza nilikuwa bado niko kazini."